Mtetea wa Kondo

Katika nyumba ya kaka yangu Mshamu, hapa Kibiti, anayeshukuriwa ni Mwenyezi Mungu, imamu na fundi pikipiki. Wanawake hatumo. Wifi yangu Salima amempikia tangu wote wawili walipokuwa na meno yao kamili, na neno analolipata sahani ikifika mkekani ni moja tu: chumvi. Ama imezidi, ama imepungua. Ikiwa sawasawa, kaka hunyamaza, na Salima hujua kwamba siku hiyo amefaulu.

Nasema haya bila uchungu, maana kaka yangu si mtu mbaya. Nilipofiwa na mume wangu nikatoka Salale, kule deltani, na furushi la nguo na kuku mmoja ndani ya tenga, ni yeye aliyenipa chumba cha uani, na hajaniuliza hata siku moja nitakaa mpaka lini. Kwa hilo namshukuru kila siku, hata zile siku ninapotamani kumrushia mwiko.

Huyo kuku wa kwenye tenga ndiye habari yenyewe.

Alikuwa mtetea wa rangi ya majani makavu, mdogo wa umbo, wa kawaida kabisa. Ukimtuma mtu akamkamate atakuletea mwingine. Alikuwa wa mume wangu, Kondo. Mwaka ule wa mafuriko makubwa maji yaliingia mashambani Salale mpunga ukiwa umeshachanua. Yakachukua mpunga, yakachukua banda, yakachukua kuku wote wa Kondo. Sisi tulikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachojenga shambani kulinda mpunga na ndege. Tulikuwa watatu na nusu: mimi, Kondo, na Warda, binti wa dada yake, mwenye mimba iliyokwisha kutimia. Mumewe alikuwa Mafia kwenye shughuli zake na mama yake alikuwa ng'ambo ya mto, na kati yetu na yeye yalikuwa maji matupu.

Ndipo Kondo akamwona yule mtetea akipita juu ya rundo la mabua, ametulia kama abiria aliyelipa nauli. Akachukua tenga, akashuka mpaka kiunoni huku ameshika nguzo kwa mkono mmoja, akamnasa. Nilimtukana. Nilimwuliza kama anataka niwe mjane kwa sababu ya kitoweo. Akapanda juu anatetemeka, anacheka, akasema, "Huyu si kitoweo, mke wangu Semeni. Huyu ni mgeni."

Warda alijifungua kesho yake, na mkunga alikuwa mimi, mwanamke wa nchi kavu ambaye hata kupiga kasia nilijifunzia ukubwani. Mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Lakini Warda alikuwa mweupe midomo, na chakula tulichokuwa nacho ni nazi na unga uliolowa. Jioni ile mtetea akaingia kwenye kona, akatafuta tafuta, akalala, akataga. Nililichemsha lile yai nikamlisha Warda kwa mkono wangu. Kesho yake akataga jingine. Sijui kuku mwingine aliyeona mambo tuliyoyaona angetaga nini, lakini yule hakukosa siku mpaka boti ilipotufikia, na kila yai lilikwenda kwa Warda, na kutoka kwa Warda likaenda kwa mtoto. Siku ya kumpa jina, Warda alimwita Kondo. Mume wangu alikwenda nyuma ya nyumba kulia, akarudi akisema ni moshi.

Hakuuona msimu mwingine wa kupanda. Kifua kilimbana, akaondoka. Mungu amrehemu.

Jambo moja nilieleze mapema. Pale Salale kila mwenye kuku alikuwa na alama yake, maana kuku wa watu wengi hulala na kuzurura pamoja. Kondo alikuwa akikata ncha ya kidole cha nje cha mguu wa kushoto, kuku akiwa kifaranga. Hakuna mwingine aliyekata hapo. Alipokufa, alama ile ikafa naye, ikabaki kwenye mguu mmoja tu wa kuku mmoja. Huku Kibiti tunafunga kitambaa mguuni, tukikumbuka.

Mtetea aliupenda ua wa kaka yangu. Alitaga, akalalia, akaangua, akajaza ua. Mayai yake yalikaangwa humo ndani hata sikumbuki mara ngapi, na kaka aliyala kimya, yaani yalikuwa na chumvi ya kutosha.

Halafu akaacha kutaga. Nikasema ni uzee, nami sikuwa na neno, nilikuwa tayari kumlisha mpaka afe usingizini. Lakini kilichofuata kilinishangaza. Upanga wa kichwani, ambao kwa mtetea ni kitu kidogo cha kufichika, ukaanza kunyanyuka na kuwa mwekundu. Nyuma ya miguu ikamtoka ile miiba ya jogoo. Akaanza kutembea kifua mbele na kuwafukuza wenzake kwenye pumba. Na asubuhi moja, tukiwa tunakunywa chai, akapanda juu ya kinu, akanyoosha shingo, akawika.

Hakuwika vizuri, nisiseme uongo. Ilikuwa sauti ya mlango wenye kutu. Lakini kila mtu alielewa ni nini.

Salima aliweka kikombe chini. Kaka yangu alisoma dua. Kwetu tangu utotoni tumeambiwa kuku jike akiwika anaita msiba, na dawa yake ni kisu siku hiyo hiyo, na nyama yake hailiwi. Nilikuwa nimeyasikia kwa bibi yangu kama nilivyosikia mengine mengi, na sikuwahi kuyawazia mpaka yalipomfikia kuku wangu.

Tangu asubuhi ile yule mtetea akawa na hatia ya kila kitu. Pikipiki ya kaka ikipata pancha, ni yeye. Salima akiumwa jino, ni yeye. Mvua ikikataa, kuku; mvua ikizidi, kuku. Jirani aliyeteleza kisimani kwa sababu ya viatu vyake mwenyewe alikuja mpaka mlangoni kumtazama kwa chuki. Mwisho kaka akaniambia ifikapo Ijumaa asimwone yule ndege katika ua wake, na kama mkono wangu ni mzito, atamchinja yeye.

Nikamkumbusha kwamba ni kuku wa Kondo, na kwamba sina kitu kingine cha Kondo kilicho hai.

"Kondo ameshakufa," akasema. "Unataka na sisi tumfuate?"

Neno lile liliniuma, na nilijua halikumtoka kwa ubaya ila kwa hofu. Hofu humfanya mtu aseme vitu ambavyo angemfokea mwingine kuvisema. Alhamisi nikamtia mtetea katika tenga lake la zamani, nikapanda gari la Bungu, nikampeleka kwa rafiki yangu Sabra.

Sabra anakaanga mihogo kando ya barabara na haogopi chochote isipokuwa bei ya mafuta. Nilimweleza ukweli wote. Akasema awike mpaka koo limkauke, yeye sikio moja halisikii na la pili analitumia kwa wateja. Nilimkumbatia nusura nimwangushe kwenye karai. Nyumbani nikamwambia kaka kwamba kuku ametoka. Hakuuliza ametoka kwenda wapi, nami sikumsaidia kuuliza.

Ikapita masika yote. Mara kwa mara nilimpigia Sabra simu, naye alinijibu mgonjwa wangu anapukutika manyoya, mgonjwa wangu anaota mapya. Kisha akanipigia yeye: anakwenda Ikwiriri kwa bintiye aliyejifungua, atakaa, nikachukue mzigo wangu.

Nilipofika nikatazama ua mzima sikumwona. Nikamwuliza Sabra mtetea wangu yuko wapi. Akanionyesha kwa mwiko. Palisimama jogoo. Shingo nyekundu yenye kung'aa, mkia mweusi uliopinda mpaka karibu ya kugusa chini, upanga umesimama, miiba mirefu nyuma ya miguu. Alikuwa mzuri, mzuri kuliko jogoo wengi waliozaliwa hivyo. Nikamkamata nikamgeuza mguu wa kushoto. Kidole cha nje hakikuwa na ncha. Nilikaa kwenye kigoda cha Sabra, nikacheka mpaka wateja wakadhani nimepagawa.

Wakati huo ua wa kaka yangu ulikuwa katika msiba wa namna yake. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita ukamwua jogoo wake, na kaka alikuwa na wiki kadhaa akiamka jua limeshatoka, kwani simu yake ya kengele ilikuwa na tabia ya kuzimika. Nilipoingia na tenga alikuwa barazani. Akachungulia.

"Huyo jogoo umemtoa wapi?"

"Bungu, kwa Sabra," nikasema, na kama kuna mtu ataniambia nilidanganya, aje anionyeshe neno lenyewe.

Mengine aliyajenga mwenyewe. Alisema hao ndio kuku wa Bungu, wamekula korosho, tazama kifua. Alisema macho tu yanakuonyesha kwamba ni dume kweli. Kesho yake kabla ya alfajiri jogoo aliwika chini ya dirisha lake, sasa kwa sauti iliyokomaa, na kaka akaamka, akatawadha, akawahi safu ya mbele. Akarudi akimmwagia sifa. Akamtengea punje zake za mpunga kwenye kifuu, mbali na majike, ili asibughudhiwe. Mimi nilikuwa nafua, nikainamia beseni. Koo lilikuwa lile lile. Ndege alikuwa yule yule. Alichokifanya akiwa na mkia mfupi kilikuwa nuksi, na akiwa na mkia mrefu kikawa baraka.

Nilimshukuru Mungu kwa yale manyoya, nikadhani mambo yamekwisha.

Lakini manyoya yana mwisho wa kazi yake. Salima alikuwa na kuku aliyelalia. Siku za kuangua zikafika, zikapita. Salima akavunja yai moja: viza. La pili: viza. Yote viza. Kaka akasema ni joto. Akalalia mwingine, naye akaamka mikono mitupu. Sasa kaka akaanza kumtazama jogoo wake kwa jicho jingine. Akaketi mchana mzima akimchunguza na majike, na jioni akatangaza kwamba yule ndege kazi yake ni kuwika na kula mpunga, na nyumba haioni faida nyingine.

"Wapo wanaume wa namna hiyo," nikasema. Salima akajifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Kaka hakucheka.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa Mwanaidi, dada wa marehemu Kondo, mama yake Warda. Alisema Jumapili watakuja, yeye na Warda na mtoto, kwa sababu mtoto sasa anatembea na kusema, na hawezi kukua bila kumjua bibi aliyempokea. Nililia kwenye simu, nikasema karibuni, karibuni sana. Kaka aliposikia alifurahi nami. Ni mpenda wageni, hilo nampa. Kisha akasema, "Basi tatizo la jogoo limekwisha."

Kwetu wakwe hawachinjiwi jike. Mwanamke wa nyumba akimchinjia shemeji mtetea, ni kama kumwambia nyumba imeishiwa. Wakwe ni jogoo, na jogoo ni yule aliyepo uani, siyo wa kununua, maana jirani wote wamemsikia akiwika. Nikasema nitakwenda sokoni nilete jogoo mnene kuliko huyu. Akasema asisikie. Nikasema huyu nyama yake ngumu. Akasema tutachemsha.

Hapo ndipo nilipoujua mtego wangu. Nikisema ni jogoo, atachinjwa kwa heshima. Nikisema ni jike, atachinjwa kwa nuksi, na mimi nitakuwa mtu aliyerudisha nuksi ndani ya nyumba ya kaka yake na kuificha mkiani. Niliwaza kumtorosha tena, lakini Sabra alikuwa Ikwiriri, na kaka alikuwa mjanja kuliko nilivyomdhania: Jumamosi jioni alimfunga kamba mguuni kwenye nguzo ya jiko, kama anavyofunga mbuzi wa Idi. Alfajiri ya Jumapili ndege wangu aliwika na kamba yake mguuni. Kaka akaamka, akaenda msikitini. Mimi nilibaki kwenye mkeka nikimwambia Kondo maneno, kwamba mgeni wake nimemlinda nilivyoweza, na anisamehe.

Walifika na bodaboda mbili kutoka stendi, wamepakia kikapu cha kamba wakavu, mchele wa Salale na nazi. Mwanaidi amenenepa kidogo, alhamdulillahi. Warda amekuwa mwanamke kamili, midomo yake ina damu. Na huyo mtoto. Alishushwa, akasimama katikati ya ua na miguu imeachana, akatutazama wote kama mkaguzi. Ana paji la uso la mume wangu. Warda akamwambia, "Mwamkie bibi yako. Ndiye aliyekushika kabla yangu." Akaja akanipa mkono wake mdogo wenye jasho, akasema shikamoo kwa ulimi uliomkwama, nikamwinua nikamkumbatia, na kwa muda sikuona kitu kingine.

Warda alitaka kuongea mbele ya watu, ilionekana amejiandaa njiani. Alisema yeye alitoka kwenye yale maji akiwa hai kwa sababu ya Mungu, kisha mjomba wake, kisha mimi, na kwamba hata akinishukuru mpaka uzeeni hatamaliza. Kaka yangu aliinama akatazama mkeka. Nadhani hakuwahi kusikia habari ile yote. Sikuwahi kumsimulia, na yeye hakuwahi kuuliza.

Kisha akasimama, akakunja kanzu, akachukua kisu. Akamfungua ndege kwenye nguzo akamleta uani, akasema wageni wasijisumbue, kidogo tu kitoweo kitakuwa tayari. Akaita mtu wa kushika miguu. Salima mikono yake ilikuwa kwenye tui. Mimi nilisema siwezi, na sauti yangu ilikuwa mbaya kiasi kwamba Mwanaidi alinigeukia. Warda akainuka akasema atashika yeye.

Kaka akamlaza ndege, akamwelekeza kibla. Warda akashika miguu yote miwili kwa pamoja, kama tunavyoshika sote. Nikafumba macho. Nikasubiri bismillahi.

Haikuja. Badala yake nilisikia Warda akisema, polepole, "Mama, hebu njoo utazame hiki kidole."

Nilipofumbua, Mwanaidi alikuwa ameshapiga magoti. Aliupitisha mguu wa kushoto kati ya vidole vyake, akarudia, kama mtu anayesoma kwa kugusa.

"Shemeji, weka kisu," akasema. "Hii ni alama ya kaka yangu."

Kaka akasema haiwezekani, huyu ni jogoo wa Bungu.

"Mimi nnaijua mikono ya Kondo. Kuku wake wote walikwenda na maji, akabaki mmoja, na huyo mmoja alikuwa mtetea. Hakuna jogoo duniani mwenye mguu huu." Kisha akaniangalia mimi. "Semeni?"

Ningeweza kusema chochote, lakini nilikuwa nimechoka.

"Ndiye," nikasema. "Ndiye yule yule. Aliota manyoya, kaka, nami sikukwambia. Uliniambia anaita msiba. Amewika chini ya dirisha lako tangu masika ilipopita, kila alfajiri, na wewe umesali safu ya mbele. Nani amekufa humu? Jino la Salima limepona. Wageni wamekuja. Mtoto wa mafuriko amekuja na miguu yake mwenyewe. Kama huu ndio msiba anaouita, mwache auite."

Kaka yangu alibaki ameinama, kisu mkononi, mkono mwingine juu ya shingo ile nyekundu. Alimtazama ndege, akautazama mkia, akaurudia mguu. Nilimwona akihesabu alfajiri zake moja moja.

Aliyesema kwanza ni Salima, kutoka jikoni, na tui likimdondoka viganjani. "Kumbe ndiyo maana mayai yangu yote yalikuwa viza," akasema. "Nami nimemlaumu kuku wa watu."

Mwanaidi alianza kucheka, kisha mimi, kisha Warda aliyekuwa bado ameshika miguu, machozi yakimtiririka. Warda akamwambia kaka yangu, kwa adabu na bila kuiachia ile miguu, kwamba yeye na mwanawe wamekula mayai ya huyu wakati hapakuwa na kingine, na kama ni lazima achinjwe, basi wao hawatakula, na wanaomba radhi kwa mwenye nyumba.

Kaka akainuka. Magoti yalimlia. Akafuta kisu kwenye kanzu ingawa hakikuwa na damu, akasema, bila kumtazama yeyote, "Sasa wageni watakula nini?"

"Tumekuja na kamba," akasema Mwanaidi. "Wakiungwa na tui hawana hasara. Nasi tukifika nyumbani tutasema tulichinjiwa jogoo, shemeji. Heshima yako iko pale pale."

Tulikula kamba. Mtoto alilala kwenye mapaja yangu na punje za wali kidevuni. Ndege aliachwa, akaenda kwenye kifuu chake cha mpunga, akafukuza majike kama kawaida.

Wageni walipoondoka, kaka alikaa siku kadhaa bila kusema nami zaidi ya salamu. Sikumlaumu. Mtu aliyemwagia sifa dume akagundua amemsifu jike anahitaji muda. Na kila alfajiri kuku wa Kondo aliendelea kuwika chini ya dirisha lake, na kila alfajiri nilisikia ndoo ya udhu ikigusa sakafu.

Kisha ikaja asubuhi asiwike.

Nilikuwa nimeshaamka, nawasha moto. Adhana ilikuwa imepita. Nikasikia mlango wa kaka unafunguliwa kwa haraka, ndara zinaburuzwa, naye akaja mpaka bandani na kanzu imefungwa vibaya. Hakuniona. Akachuchumaa mlangoni mwa banda, akachungulia.

"We," akamwambia. "Mzima?"

Mle ndani, kwenye kona, yule ndege alikuwa amekaa amejikunyata, manyoya ya mkia yametawanyika chini. Ameanza kupukutika tena. Akageuza shingo, akatoa sauti ndogo ya mtetea anayesumbuliwa usingizini. Na kaka yangu Mshamu, ambaye nimeishi naye utotoni na uzeeni, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Alhamdulillahi. Ahsante kwa zile asubuhi."

Alipoinuka ndipo akaniona nimesimama na kuni mkononi. Hakuwa na pa kujificha. Akavuta kola ya kanzu, akakohoa, akaanza kuelekea msikitini ingawa alikuwa ameshachelewa. Alipofika kwenye kizingiti cha uani akasimama.

"Na wewe pia, Semeni," akasema akiwa amenipa mgongo. "Na Salima. Mwambie."

Nikamwambia hilo nitamwachia amwambie mwenyewe, yuko macho, anachuja chai. Kisha akageuka, akarudi mpaka jikoni, akavua ndara mlangoni. Mimi nikabaki bandani, nikaokota manyoya yale marefu, nikamwongezea mtetea wa Kondo maji.